Waya Uliopita Pembeni

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, redio nne na antena moja. Wapangaji walichanga, na fundi redio wa chumba cha tatu akapanda paani kuisimika. Chini yake akaweka kikasha cha kugawa mawimbi, kila chumba kipate fungu lake.

Waya wake mwenyewe hakuupitisha kikashani. Aliuunga juu zaidi, mawimbi yakiwa bado mazima. Alijiambia ni kwa ajili ya kujaribia redio za wateja, lakini kila jioni alisikiliza mpira tu.

Mshona nguo wa chumba cha nne, mjane, alilalamikia mikwaruzo.

"Redio yako imekula chumvi nyingi, mama," fundi akamwambia.

"Kama mwenyewe!" Mama akacheka, akaenda kununua betri mpya.

Dereva wa chumba cha pili hakucheka. "Fundi, wewe unaoga, sisi unatunyunyizia!"

"Kasimike yako."

Jumapili moja, saa saba mchana ikikaribia, mama alibisha hodi. Alivaa gauni la harusini, kigoda mkononi.

"Binti yangu anasoma habari leo, mara yake ya kwanza. Nisikilize kwako, baba? Yangu inakoroma tu."

Sauti ya binti ikaja safi, kana kwamba amekaa pale kitandani. Midomo ya mama ilicheza pamoja naye, neno kwa neno. Fundi alitazama sakafu.

"Mungu akubariki," mama alisema, akijifuta machozi. "Bila wewe ningemkosa."

Baraka ile ilimchoma. "Mama, redio yako si mbovu. Ni mimi..."

"Najua, mwanangu. Siku ukiichomoa yako ukaenda nayo kazini, yangu huimba."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, dereva asikie? Angekutangaza mtaa mzima."

Akabeba kigoda chake, akatoka.

Fundi alibaki uso umemshuka. Kisha akachukua koleo, akapanda paani jua likiwaka, watu wote uani.

"Kimeharibika nini?" dereva akauliza.

"Hakuna. Nilikuwa nawaibia."

Hakuna aliyecheka. Aliukata waya wake, akauunga kikashani pamoja na nyaya za wenzake.

Saa kumi, habari ziliposomwa tena, hakuiwasha redio yake. Aliketi, kichwa ameinamisha, akamsikiliza yule binti kupitia ukutani.