Mke Anayejulikana Posta

Saulo alipoanza kuendesha lori kati ya Dar es Salaam na Zambia, alimwambia mkewe Tusekile maneno ambayo mkewe aliyashika kama amana: "Njia ni ndefu, mama. Hela yako itakuwa inachelewa kidogo."

Na kweli ilichelewa. Ilifika nyumbani Uyole mikononi mwa utingo wa gari jingine, imekunjwa ndani ya pakiti ya sigara, na mara nyingine ilifika imemegwa kwa sababu utingo naye ana tumbo. Tusekile hakunung'unika. Alilima viazi, akachuma pareto, akalea watoto, na kila Jumapili akaenda kanisani na pete yake kidoleni, ile pete ambayo mchungaji aliibariki kule Rungwe mbele ya ukoo mzima.

Habari za mwanamke wa Saulo kule mjini alikuwa amekwisha kuzisikia. Za namna hiyo hazihitaji mjumbe. Walisema ni Msukuma, jina lake Mbuke, wazazi wake walishuka na ng'ombe zao kutoka kaskazini wakakaa Usangu. Walisema anauza mchele wa Rujewa sokoni Sokomatola, Mbeya mjini. Kuhusu Saulo hakuna aliyehitaji kumwambia. Tusekile aliujua mlio wa lile lori. Alilisikia likitoka upande wa Iringa, linapunguza mwendo kwenye kona ya Uyole, na moyo wake ukipunguza pamoja nalo. Kisha linaongeza moto na kupita mbele ya nyumba yake kama gari la mgeni, kwenda mjini. Siku hizo alikuwa akipika ugali na kuusahau motoni.

Lakini kwao Rungwe walikuwa hawajui. Hilo ndilo lililombakia. Mbele ya mama yake, wajomba na mashangazi, yeye alikuwa mke wa Saulo, na Saulo hakuwa na mwingine.

Mwaka ule mafundi wa reli walipokuwa wamejaa Mbeya nzima, mama yake Tusekile alifariki. Mdogo wake, Anyitike, alikuja Uyole na basi la kwanza, akakaa kizingitini, akasema bila kuzunguka: "Mama ametutoka, dada. Tunazika kesho."

Kule kwao, mkwe haji msibani mikono mitupu. Huleta ng'ombe na nguo ya kumfunika marehemu, na vyote viwili viwepo kabla kaburi halijafukiwa. Binti ambaye mumewe hakuleta, huketi nyuma ya wenzake, na nyimbo za kuomboleza humchoma kwa jina. Nyimbo zile husahaulika lini? Anyitike alijua hivyo kama dada yake. Akashuka mjini, akampelekea Saulo simu ya maandishi kwenye gereji ya Iringa alikokuwa akitengeneza gari, kisha akarudi Rungwe kuchimba kaburi na kutafuta ng'ombe wa kununua.

Jua halijafika utosini, tarishi wa posta akaja na baiskeli, akampa cheti. Mume amejibu. Hela iko posta Mbeya, imetumwa kwa simu, mwenyewe akaichukue.

Tusekile alikwenda mjini akiutazama waya juu ya nguzo za barabarani, hajui noti zinapitaje mle bila kuungua. Akaona jambo moja tu: waya ule ulitoka Iringa, ukapita mbele ya mlango wake Uyole bila kusimama, ukaenda mjini. "Umefunzwa na mwenye kuutumia," alisema moyoni.

Dirishani palikuwa na karani kijana, Liberatus, shati jeupe, kalamu sikioni.

"Kitambulisho, mama."

"Sina, mwanangu. Nina pete."

Watu kwenye mstari wakacheka. "Pete hata kwa Mhindi zinauzwa," alisema mzee mmoja nyuma yake.

Liberatus hakucheka. "Hela ya simu ina masharti, mama. Asiyeandika anaweka dole gumba, na anakuja na shahidi. Mtu anayejulikana hapa posta, aseme huyu ndiye. Nikimpa asiye mwenyewe, nitalipa mimi."

"Balozi wangu wa nyumba kumi yuko Uyole."

"Ukienda na kurudi utakuta nimefunga." Akakitazama tena kile cheti cha tarishi mkononi, uso ukamchangamka. "Kumbe ni Saulo huyu wa malori? Basi kazi rahisi. Mke wake namfahamu sana. Mbuke. Mwite huyo akusemee."

Tusekile alishika ubao wa dirisha. Akauliza, "Huwa anakuja hapa kufanya nini?"

"Kuchukua hela, kama wewe. Saulo akilipa Iringa asubuhi, mchana mwenzio anakula nyama."

"Mchana wa siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo, mama. Hii ni simu."

"Na noti zinakuja na nini?"

Kijana akaona anaulizwa kweli, akajibu kwa adabu. "Noti haziji. Zake zimebaki kule Iringa, kwenye sanduku la posta ya kule. Kinachokuja ni neno tu: mpe fulani kiasi hiki. Mimi nakupa noti nyingine, za sanduku la hapa. Posta na posta watamalizana wenyewe baadaye. Ndiyo maana inawahi. Neno halina mzigo."

Neno halina mzigo. Tusekile aliondoka dirishani na hayo maneno, na kila hatua yaliongezeka uzito. Miaka yote ile ya pakiti za sigara, kumbe njia haikuwa ndefu. Njia ilikuwa fupi kama kauli ya mtu. Saulo alikuwa amesimama dirishani Iringa, mara ngapi, akalitaja jina la mwanamke na hela ikamfikia kabla jua halijageuka. Na jina lenyewe halikuwa lake. Wivu wa kusikia habari ni moshi. Huu ulikuwa moto wenyewe.

Angeweza kupanda basi akaenda Rungwe mikono mitupu. Alilifikiria hilo mpaka alipofika Sokomatola, na hata pale alisimama nyuma ya magunia akimtazama Mbuke akipima mchele. Alikuwa ametarajia kisura. Akamkuta mwanamke wa kawaida, mrefu, mwenye mwanya, anayefuta jasho kwa pindo la kanga. Hilo nalo lilimuudhi. Afadhali angeshindwa na mzuri.

"Shikamoo, dada," Mbuke alisema kabla hajatamkiwa. "Karibu. Najua wewe ni nani. Una macho ya mtoto wako wa mwisho."

Yaani watoto wake pia alikuwa amewaona. Tusekile alilimeza hilo, akasema shida yake kwa maneno machache, akitazama mchele.

Jirani wa meza ya vitunguu alimgonga mwenzake kiwiko. "Leo bibi mkubwa kashuka mlimani kuomba."

"Wewe pima vitunguu vyako," Mbuke alimwambia. Kisha akamgeukia Tusekile. "Pole kwa msiba. Nitakuja posta. Ila, dada, nikikutaja mimi mbele ya karani, na wewe utanitaja mbele ya watu wa kwenu. Nakwenda na wewe Rungwe kumlilia mama."

"Huna mama kule."

"Nina mume. Nimepika naye, nimemuuguza, nimezaa naye, na hakuna mahali hata pamoja ninapoitwa mke isipokuwa dirishani posta. Unafikiri na mimi sina wivu? Wewe una pete. Una kanisa. Una wakwe wa kuwaendea. Mimi nina karatasi ya mhuri tu."

Tusekile alitamani kumpiga. Alitamani zaidi basi la Rungwe lisimwache. "Funga magunia yako," alisema.

Posta, Liberatus aliwasogezea kitabu. "Unamfahamu huyu mama?"

Tusekile alikaza shingo akisubiri tusi. Mbuke alimjibu karani taratibu, kila mtu mstarini akisikia: "Huyu ndiye mke wa Saulo. Mimi nimemkuta." Akaandika jina lake herufi kwa herufi, kama walivyomfundisha kwenye kisomo cha watu wazima. Tusekile akabonyeza dole gumba kwenye wino. Akahesabiwa noti ambazo mumewe hakuwahi kuzigusa. Heshima ile aliyopewa ilimkera kuliko tusi, tusi angelirudisha.

Walipitia dukani, kisha wakapanda basi. Nguo ya marehemu ilikuwa mapajani mwa Tusekile. Mbuke alishika kikapu cha mchele. Walifika wakati wanawake wamekwisha kukaa mikekani. Anyitike alipokea hela ya ng'ombe, akashukuru, akakimbia kumleta. Ndipo shangazi mkubwa akainua uso: "Ndaga, asante mwanangu. Na huyu uliyekuja naye ni nani?"

Hapo ulimi ulikuwa wake. Hela imekwisha kuchukuliwa, nguo iko mkononi, ng'ombe yuko njiani. Angeweza kusema ni jirani, ni mtumishi, ni muuza mchele tu, na Mbuke angekuwa hivyo mpaka kufa. Shahidi hawezi kujishuhudia mwenyewe. Tusekile alimtazama, akamwona bado amesimama na kikapu chake.

"Ni mke wa Saulo," alisema. "Mimi alinikuta."

Hakusema kwa huruma. Asije mtu akamsifu kwa hilo. Alisema kwa sababu aliona ghafla kwamba siri ile ilikuwa ya Saulo, si yake, na miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akimtunzia. Mikekani neno likaenda mdomo kwa mdomo hadi kwa wanaume nje, halina mzigo kabisa. Mbuke akaketi pembeni yake, akalia kwa sauti kuliko binti wa marehemu. Hata kilio alikuwa nacho kingi.

Saulo alifika baada ya maziko, amevaa koti. Akakuta wake zake wawili kwenye mkeka mmoja na wajomba wanamngoja uani. Walimkalisha kwa muda mrefu. Alipotoka, shingo ilikuwa imelegea. Akaja kuchutama mbele ya Tusekile.

"Umeniaibisha, mama. Na mimi nimekutumia hela upesi."

"Upesi huo nimeuona," Tusekile alisema. "Kuanzia sasa utingo apumzike. Posta wananifahamu."

Tangu hapo hela ya Tusekile ikawa inakuja kwa simu. Liberatus hamwulizi tena shahidi. Humwona tu, akatoa kidau cha wino. Watu wa Uyole husema mambo yake yamenyooka, naye hawabishii. Lakini kila akifika dirishani, kabla hajaweka kidole, huinama na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Mwenzangu amekwisha kuja leo?"

Akiambiwa bado, kwamba leo yeye ndiye wa kwanza, hubonyeza dole gumba kwa nguvu mpaka wino unavuka mstari.