Chombo Alichoniwachia Marehemu

Tangu Jumamosi simu yangu nimeizima. Sina uso wa kuzungumza na shangazi.

Alitangulia Malindi kwa harusi ya bintiye, akanipigia: "Mwanangu, niletee kile chombo kikubwa alichoniwachia marehemu. Kipo uani. Kisugue ndani vizuri, na kifike asubuhi."

Marehemu mumewe alikuwa mvuvi, na boti yake iko uani kwao Timbwani, juu ya trela. Jirani yangu, mtu wa bara, akauliza kama si sufuria anayotaka. Nikamkata kauli: "Nyinyi Kiswahili mmekiokota njiani. Kwetu sisi chombo ni cha baharini!"

Nikaisugua boti mpaka viganja vikachubuka. Nikaifunga nyuma ya pikapu, nikapitia Dongo Kundu kukwepa feri, nikaikokota polepole. Kilifi gurudumu la trela likapasuka. Adhuhuri ikanikuta hapo hapo, shangazi akipiga simu kila mara.

"Uko wapi? Watu wanangoja!"

"Naja nacho, shangazi! Kizima, wallahi!"

Nilipoingia nyumba ya harusi Malindi, moto ulikuwa ukiwaka katikati ya mafiga matatu makubwa, na juu yake hapana kitu. Mchele umerowekwa, nyama imekatwa, akina mama wapishi wamesimama na miko mikononi. Wageni walishaketi mikekani.

Shangazi akaitazama boti, kisha akanitazama mimi.

"Labeka, shangazi," nikaitika, na wala hajaniita.

"Haya, mwanangu," akasema taratibu. "Kiteleke motoni."