Uji wa Mgeni

Mtoto alikuwa hajafikisha miezi miwili, na nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer haikukauka wageni. Siku hiyo wakaja kina mama wa kanisa. Wakaimba, wakaomba, wakasema wamekuja kuona mgeni, maana huku kwetu mtoto mchanga ndiye huitwa mgeni.

Mama mkwe akaniambia niwamiminie uji. Ulikuwa uji wangu wa wimbi, niliopika asubuhi nikautia kwenye thamosi ili nisishinde njaa nikinyonyesha. Kila siku uliishia kwa wageni, mimi nikabaki kuosha vikombe huku kidonda cha upasuaji kikinivuta.

Nikarudi kutoka jikoni na kikombe kimoja. Nikajimiminia, nikaketi katikati yao, nikanywa polepole.

“Na wageni je?” mama mkwe akauliza.

“Mama, mgeni ni mmoja, amelala pale. Hana meno na hawezi kushika kikombe. Uji wake unapitia kwangu.”

Nikajiongezea kikombe cha pili, kisha nikawaambia majani ya chai na maziwa yako jikoni, na mikono naiona hapa ni mingi.