Nipakulie na Mimi

Mwenzangu wa chumbani hakuwahi kumwandikia mumewe barua. Mume yule, mpasua mbao wa Tanga, hakujua kusoma, na hakutaka maneno ya mkewe yapite kinywani mwa jirani kabla ya kumfikia yeye. Kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya sala, mwenzangu aliketi kitandani katika chumba chetu cha Al Mansoura, mjini Doha, akaweka kinasa sauti mapajani na kuzungumza naye mpaka upande mmoja wa kaseti uishe. Kaseti ilisafiri na yeyote aliyekwenda likizo. Mimi, kwa adabu, nilitoka. Nilizunguka madukani, nikanunua mkate nisiouhitaji, nikarudi alasiri.

Tulifanya kazi katika hoteli moja, yeye chumba cha kufulia, mimi mapokezi. Nilikuwa na shahada ya fasihi, naye hakuniacha niisahau. "Mwalimu," angesema nikiunguza wali, "hili nalo ulifundishwa chuo?"

Mlinzi wa hoteli yetu, kijana wa Kikenya, alipiga gitaa. Marehemu baba yake alimwachia santuri zilizokwaruzika na mapenzi ya salsa, naye alikuwa na ndoto ya kutunga salsa ya mahaba kwa Kiswahili. Muziki alikuwa nao. Maneno aliniomba mimi. Nilimpa beti sita zenye vina vya kati na vya mwisho. Alizisoma huku akigonga vijiti viwili mezani kwa mdundo wa salsa, mara tatu, kisha mara mbili, akaacha.

"Madam, hii ni wimbo ama ni hotuba ya bunge?"

"Ni mashairi."

"Ni poa, sikatai. Lakini hakuna mtu amekosa mtu hapa ndani. Salsa inataka mtu mmoja amekosa mtu mmoja. Basi."

Nilinuna wiki nzima, kwa kuwa alisema kweli.

Ijumaa iliyofuata vumbi lilifunika mji, sikuweza kutoka. Nilijilaza upande wangu wa pazia nikafumba macho. "Mwalimu, umelala?" mwenzangu aliniita. Sikujibu. Akabonyeza kitufe, akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na mzaha.

"Saa yako na yangu ni moja, mume wangu. Huku tukila, nawe huko unakula. Basi ukipakua, nipakulie na mimi. Weka mbele yako, kiache kipoe. Nitajua."

Alipokwenda jikoni niliyaandika nyuma ya risiti. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko yote: nilifurahi, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Mkenya aliposoma mistari ile alisema, "Sasa hapa umelia, madam." Sikumsahihisha. Tuliurekodi katika chumba cha nyuma cha duka la vinanda pale Al Sadd, na Mfilipino wa bendi ya hoteli akatupigia tarumbeta. Kiitikio kilikuwa maneno ya kaseti, neno kwa neno. Katika majuma machache madereva waliusikiliza garini, na wasichana waliofanya kazi majumbani wakarushiana kwa simu. Watu walinisimamisha mapokezi kunipa mkono.

Nilijiambia kwamba mwenzangu hana muda wa nyimbo. Sikukuu ya Idi tulialikwa pamoja kwa Watanzania wenzetu, Muaither. Alikuwa akipitisha sinia la sambusa wimbo ulipowekwa. Uani watu wakainuka, wakashikana mikono, na kiitikio kilipofika wakakiimba wote, wanaume wakiwanyooshea wake zao sahani tupu kwa kicheko. Alilitua sinia chini taratibu. Hakunitazama mpaka tulipofika nyumbani.

"Ulikuwa macho," alisema.

"Nilikuwa macho."

"Ungeniomba, shoga. Yale nisingekupa. Ningekupa mengine, maneno ninayo mengi." Kisha akaniomba jambo moja tu: niubadilishe ule mstari kabla haujafika Tanga.

Mkenya alikubali bila ubishi. "Ni kazi ya siku moja, madam. Leta mstari mwingine, tutoe huu." Nilijaribu. Niliandika kuhusu dirisha, kuhusu taa, kuhusu njia. Kila nilichoandika kilikuwa sahihi na kimekufa. Wimbo ulikuwa umependwa jinsi ulivyo, na mimi nilipendwa pamoja nao. Nikamwambia Mkenya auache. Mwenzangu nikamwambia kwamba umeshasambaa mno, haurudishiki. Siku ile haikuwa kweli. Baadaye ikawa.

Ulifika Tanga katika simu ya mtu aliyekwenda likizo. Majirani walikuwa wamemwona yule bwana, kila jioni barazani, akipakua sahani mbili na kula moja; hawakujua sababu. Wimbo ukawaeleza. Vijana wakaanza kumwimbia akipita, na kiwandani wakambandika jina, Bwana Sahani. Haya nilisimuliwa na watu wengine. Mwenzangu mwenyewe aliniambia maneno mawili tu, akiwa ananyoosha sare yake ya kazi, mgongo kwangu.

"Ameacha kupakua."

Mkataba wake ulipokwisha hakuomba mwingine. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alinishukuru kwa kumbebea begi, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua. Sikupata tena habari zake, na ukweli ni kwamba sikuzitafuta kwa bidii.

Miaka kama kumi baadaye, katika harusi moja hapa hapa Doha, wimbo ulipigwa tena. Waliocheza walikuwa vijana waliokuwa shuleni tulipourekodi. Mshereheshaji akanitambua, akanisimamisha, akanipa kipaza sauti. Nilidhani nimepata nafasi. Nikasema maneno yale si yangu. Ni ya mwanamke wa Tanga aliyekuwa akifua mashuka hotelini, nami niliyachukua bila idhini yake.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. "Mnaona msomi anavyojishusha!" alisema mshereheshaji. "Mnaona unyenyekevu!" Bibi harusi akaja kunikumbatia, na muziki ukaanza upya kwa heshima yangu.