Muuguzi Alipoacha Utani, Sita Aliacha Mwiko

Saa moja asubuhi, Sita Millogo amesimama juu ya tofali, anakoroga chungu cha pombe ya mtama kinachomfika kifuani. Anapandisha kitenge kidogo na kuonyesha miguu.

"Angalia, vifundo vimerudi. Mwezi wa pili mguu ulikuwa nguzo."

Sita, mwenye miaka 53, anapika pombe hapa Bobo-Dioulasso tangu hajaolewa. Chungu kimoja hutoa vibuyu mia mbili. Kila chungu alikuwa akikionja, kisha anaonja tena kuhakikisha kwamba ameonja. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa.

Mwaka jana muuguzi wa zahanati ya mtaa, Hamadoum Sidibé, alimpima mkojo akakuta protini inavuja. Akamweleza kwamba sukari imezichokoza figo, zinawaka ndani kwa ndani bila kuuma, na zikiachwa hivyo zitajaa makovu. Aache pombe, aanze dawa nyingine.

Sita alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye ni Mbobo, Sidibé ni Mfulani, kabila la wafugaji, na hao ni watani wa kabila: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa. Mfulani akikwambia uache pombe, unamwambia aache maziwa. Ndivyo alivyomjibu. Mara ya pili alimwambia akawapime mkojo ng'ombe wake.

Februari miguu ikavimba, uso nao ukafuata. Sidibé akaja mwenyewe hadi penye vyungu, akavua kofia.

"Mama Sita, nakuomba kwa heshima. Ukiendelea kusubiri, figo hizi hazitarudi."

"Mama? Tena kwa heshima?" anasimulia Sita. "Mfulani hajawahi kuniita hivyo. Nikajua nakufa. Mwiko niliuacha humo humo chunguni, nikamfuata zahanati."

Akaanzishiwa dawa ya presha inayopunguza protini kuvuja, na kidonge cha sukari ambacho pia hulinda figo na kutuliza huo mwako. Chumvi ikapunguzwa. Kazi ya kuonja akamwachia bintiye, Kani, ambaye hakulalamika hata kidogo.

Jumatatu iliyopita majibu yalitoka: protini imeshuka chini ya nusu. Sidibé alimwambia ugonjwa bado upo na dawa ni za kila siku, ila figo zimetulia. Kisha akaongeza kwamba asingekubali mtumwa wake afe bure. Sita anasema hajawahi kutukanwa akafurahi kiasi kile.

Alhamisi anawapeleka kupimwa wapika pombe wenzake saba wenye kisukari, wote Wabobo.

"Nitakaa nao humo humo chumbani," anasema. "Yeye atukane anavyotaka. Mimi nitawaambia lipi ni tusi na lipi ni figo."