Gauni la Zambarau la Shirin

Mzee Rajabali alikuwa mbishi, na ubishi wake aliustahili. Alipiga picha Dodoma tangu vumbi lilipokuwa jingi kuliko watu. Wabunge, maharusi, watoto wanaolia wakiona kamera, wote walipita mbele ya pazia lake. Enzi za uhaba alipanda treni hadi Dar es Salaam kutafuta filamu, akarudi na roli mbili amezikumbatia kama mayai. Mimi, Violeth, nilimfanyia kazi miaka mingi. "Mashine ina vipimo," alipenda kuniambia, "mimi nina macho."

Soko huria likaja na mambo yake. Mwaka 2003 mpwa wake, Shahil, akatuletea projekta kutoka Dubai ili tuonyeshe picha za studio ukumbini, mji mzima ujione. Tulifunga madirisha ya studio tuijaribu, tukaiacha taa ipate moto kwanza, kisha Shahil akabonyeza kompyuta. Ukuta ukajaa mwanamke. Jamani! Nilirudi nyuma. Shirin, marehemu mke wa Mzee, ambaye alifariki kabla sijaajiriwa, alisimama pale mkubwa kuliko mlango, anacheka, kavaa gauni la zambarau. Nusura nimwamkie.

"Picha hii naijua kuliko jina langu," Mzee akasema. "Tutapimia rangi kwa hii."

Akachukua rimoti. Gauni limekuwa la udongo, akasema, akaongeza buluu. Bado. Akapunguza nyekundu, akaongeza buluu tena. Shirin akabadilika mbele yangu: meno yakawa kama shati lililozidishiwa buluu ya kufulia, uso ukawa wa maiti. Mzee ndiyo kwanza akatabasamu. "Sasa ndiye."

Shahil alinitazama, nami nikamtazama. Panya wa kumfunga paka kengele alikuwa nani? Basi nikajitosa.

"Mzee, buluu imezidi."

"Violeth, wewe ulikuwepo siku ile? Gauni lenyewe ninalo!"

Akaingia chumba cha nyuma kwa hasira, akarudi nalo limefungwa kwenye karatasi, halijaona jua tangu mwenyewe afariki. Akalikunjua mlangoni, penye mwanga. Zambarau ile! Ilikuwa kama biringanya iliyooshwa sasa hivi. Lakini Mzee aliligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

"Limepauka," akasema taratibu.

"Halijapauka, Mzee."

Akatoka nalo barazani kwa Mwamvua, fundi cherehani. "Mama, hii rangi gani?"

"Zambarau, Mzee. Kitambaa hiki siku hizi hakipatikani. Unauza?"

Mzee aliketi kwenye ngazi, gauni mapajani, nami nikamwonea huruma. Mtoto wa jicho alikuwa ameitia dunia yake umanjano kidogo kidogo, naye miaka yote akilaumu karatasi, dawa za kusafishia picha, hata kiwanda cha filamu. Daktari alishamwambia apasuliwe. Alikataa katakata. "Wakikosea," aliwahi kuniambia, "mpiga picha kipofu atafanya nini duniani?"

Sasa aliniuliza jambo jingine. "Nikikaa hivi hivi, Shirin atazidi kuwa udongo?"

"Ndiyo, Mzee. Atazidi."

Alilikunja gauni, akaniachia. Wiki ile ile Shahil akampeleka hospitali, akapasuliwa jicho moja.

Kabla hajarudi, mimi na Shahil tulirudisha projekta ilivyokuwa. Nililishika gauni kando ya ukuta, dirisha likiwa wazi kidogo, naye Shahil akapandisha na kushusha rangi kwa rimoti hadi gauni la kitambaa na gauni la mwanga yakawa ndugu.

Mzee alirudi bila bandeji. Njiani, Shahil aliniambia, alikuwa akisimamisha gari kutazama anga tu. Hakuniuliza tumefanya nini. Alisimama mbele ya ukuta, akaziba jicho jipya kwa kiganja, akaliachia, akaliziba tena, akaliachia.

"Subhanallah," alinong'ona. "Subhanallah."

Sijawahi kuona mtu anatazama hivyo, wala sidhani nitaona tena. Akasogea karibu mpaka mwanga ukampiga usoni, naye akawa wa zambarau mashavuni, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Habari za siku nyingi, Shirin," akasema.

Mimi na Shahil tukatoka nje.