Pikapu ya Baba na Mto wa Njia ya Doldol

Sikwenda Doldol kutembea. Nilikwenda kumleta dada yangu Wangechi, ajifungulie kwetu Nyeri, karibu na Mama na karibu na hospitali, kabla mvua ya Aprili haijaujaza mto. Ninyi mlio upande wa Tetu, mnaojua mito ya maji mwaka mzima, mto wa njia ya Doldol hamuujui. Miezi mingi ni mchanga na mawe, mbuzi wanavuka bila kulowa kwato. Kisha mvua inanyesha huko mbali, wewe umesimama juani umekauka kabisa, na maji yanakuja.

Marehemu baba yetu, Ndirangu, yalimkuta. Alikwenda na pikapu hii hii kumchukua Wangechi alipokuwa na mimba iliyotangulia. Wakarudi, wakakuta maji, Baba akajaribu. Pikapu ilikuwa chini, ikakalia jiwe katikati ya mto, wakalala hapo hadi ng'ombe wakaletwa kuivuta. Mtoto alizaliwa kando ya mto, na hakulia. Alikuwa mvulana, wa pili wa Wangechi. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, na wa pili huitwa jina la baba wa mama. Kwa hiyo aliyezikwa pale alikuwa Ndirangu mdogo. Baba alirudi nyumbani, akaiosha pikapu, akaiegesha kando ya ghala ya mahindi na hakuiwasha tena. Mwaka uliofuata tukamzika na yeye.

Pikapu ikawa yangu. Wangechi alipotuma neno kupitia mchuuzi wa mbuzi kwamba ana mimba tena, sikulala vizuri. Mimi ni karani wa kiwanda cha kahawa, na ni mtu wa hofu, sikatai. Mke wangu husema nafunga mlango, naingia kitandani, naamka kwenda kuona kama nimeufunga. Niliapa moyoni kwamba pikapu ile haitakalia jiwe tena, hata ikibidi niipandishe hadi juu ya miti.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Majengo, mjini Nyeri, karakana ya Fundi Saidi nyuma ya msikiti. Saidi ni mtu wa maneno mengi. Aliizunguka pikapu, akapiga matairi teke, akasema, "Hii tutaiongezea mabamba ya springi, mbele na nyuma. Tunaivalisha magurudumu kubwa. Ikitoka hapa itapita juu ya hiyo maji, samaki hata hawatajua kuna gari."

Alifanya kazi wiki nzima. Alirefusha paipu za breki zisikatike, akalipandisha bomba la moshi nyuma ya kabini hadi mdomo wake ukawa juu ya paa. Gurudumu la akiba halikutosha mahali pake, likaingia ndani nyuma ya kiti. Hapo palikuwa na sanduku la mbao la Baba, lililokuwa la soda zamani, ambalo alikuwa amelipigilia kipande cha tairi juu. Nililitoa nikalipeleka nyumbani. Nilijua Baba hukalia sanduku lile akingoja watu sokoni, na mimi sikuwa naenda kukaa sokoni.

Siku ya kuichukua, pikapu ilikuwa imesimama juu kiasi kwamba watoto wa Majengo walipita chini yake wakikimbizana. Nilifurahi kweli. Kisha Saidi akanishika bega.

"Ndugu yangu, kitu moja tu. Usikate kona na haraka. Gari ikiwa juu hivi, inalala haraka."

"Inalala vipi?"

"Inalala tu. Wewe enda pole. Na ukifika Nanyuki, kaza hizi nati."

Furaha yangu iliishia hapo. Neno hilo la kulala nilikwenda nalo safari nzima.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alitoka jikoni akajifunga leso vizuri. Alikuwa amenifungia viazi vitamu kwenye gazeti na uji wa Wangechi kwenye chupa. Aliitazama pikapu kutoka chini hadi juu, polepole.

"Umeacha sanduku ya baba yako," akasema.

"Inachukua nafasi, Mama. Nimebeba gurudumu."

"Kuku anataga ndani yake sasa."

"Wacha atage."

Alitaka kusema jambo lingine, nikawa nimeshawasha injini. Nilikuwa na haraka ya kuanza kuogopa barabara.

Kiganjo nilipita nikiwa katika gia ya pili. Wenye malori walinipigia honi, nikawaacha wapite. Kwenye kila kona nilihisi mwili wa gari ukijivuta upande mmoja, nami nikijivuta upande mwingine, kana kwamba uzito wangu ungesaidia. Naro Moru nilisimama nikaingia uvunguni kutazama nati, wala si Nanyuki alikosema fundi. Zilikuwa zimekaza. Mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji inang'aa, na mwuza viazi kando ya barabara akaniuliza kama pikapu ni ya serikali. Nilimwambia ni ya baba yangu.

Nanyuki nilijaza mafuta na kukaza nati tena, na moja kweli ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Nikasema afadhali mimi ni mwoga. Baada ya Nanyuki lami ikaisha. Barabara ya Doldol ilikuwa ya mawe na vumbi, mashamba makubwa ya ng'ombe huku na huku, kisha miiba na manyatta za Wamaasai. Hapo, niseme ukweli, pikapu ilinipendeza. Mashimo ambayo yangelivunja gari la chini iliyapita kwa utulivu. Mtoni palikuwa pakavu. Nilisimama katikati ya mchanga, nikashuka, nikalitafuta jiwe lenyewe. Lilikuwapo, na juu yake mstari wa rangi ya kijani, rangi ya pikapu yetu. Nilipima kwa mkono kutoka jiwe hadi tumbo la gari. Sasa pangepita. Nilikaa pale kidogo nikamlilia Baba, kisha nikaendelea.

Doldol nilifika jua likiegemea magharibi. Shemeji yangu Gitau ana duka pale, anauza sukari, majani ya chai na dawa ya kupe. Ni mtu mpole, mrefu, asiyemaliza sentensi. Alinikaribisha, tukachinjiwa mbuzi, na jirani yao, mama mmoja wa Kimaasai aitwaye Naisula, akaleta maziwa kwenye kibuyu. Wangechi alikuwa mzito, miguu imevimba, lakini anacheka. Mtoto wao wa kwanza, Maina, angebaki na Naisula.

"Umekuja mapema," dada akaniambia. "Nahesabu bado wiki tatu."

"Mto hauhesabu," nikamjibu.

"Wewe na mambo yako ya mto." Lakini hakucheka aliposema hivyo.

Kulipokucha kulikuwa na mawingu meusi upande wa mlima. Niliwaambia tuondoke mara moja. Gitau akapakia kikapu na blanketi, nami nikamfungulia dada mlango wa kabini kwa maringo. Wangechi alisimama mbele ya mlango akatazama. Sakafu ya kabini ilimfika kiunoni.

"Sanduku iko wapi?" akauliza.

"Sanduku gani?"

"Ya Baba. Ya kupandia. Mama na goti lake alikuwa anapanda na nini? Mimi mwaka ule nilipanda na nini?"

Nilikuwa nimeliinua gari lipite juu ya jiwe, na sikumfikiria hata kidogo mtu atakayeingia ndani yake. Gitau alileta kigoda, kikayumba. Nilitaka kumbeba, akanipiga mkono. "Usinishike tumbo. Hakuna mtu ananishika tumbo." Mawingu yalizidi kuja na sisi tuko hapo tumesimama.

Ni Naisula aliyetuonyesha. Alinyoosha fimbo yake kuelekea uwanja wa mifugo, kule kwenye tuta la udongo ambalo ng'ombe hupandia malori. Nikaendesha hadi pale, nikaisogeza pikapu ubavu kwa ubavu na tuta. Wangechi akapanda tuta taratibu, ameshikwa na Naisula, akaingia kabini bila kuinua mguu. Wachuuzi walisimama wakitazama.

"Baba alinipandisha na sanduku," dada akasema, akivuta pumzi. "Wewe umenipandisha na njia ya ng'ombe. Nitamwambia Mama."

Tulicheka, Gitau akapanda nyuma, nikaondoa gari.

Mtoni tulikuta maji. Hayakuwa mengi sana, yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi na kubeba vijiti. Jiwe halikuonekana. Wangechi aliyatazama, uso wake ukabadilika, akashika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Nilidhani ni hofu.

"Imeanza," akasema. "Tangu kule kwa tuta imeanza. Sikutaka kuwaambia."

Gitau alishuka, akakunja suruali, akachukua fimbo, akaingia majini mbele ya gari akipima. Maji yalimfika juu ya magoti. Aliponyoosha mkono kushoto, nami nikaenda kushoto. Nilikuwa nasema jina la Baba kwa sauti, wala sikujali kama dada anasikia. Nilisikia kitu kikigusa chini, kidogo, kikapita. Saidi alikuwa ameifanya kazi yake. Tulipita juu ya jiwe lile na injini haikukohoa hata mara moja.

Ng'ambo ndiko roho ilikonitoka. Maji yalikuwa yamekula ukingo, barabara imebaki mteremko wa upande mmoja. Pikapu ilianza kupanda, ikaanza kuinama. Ikainama tena. Nikaona udongo kwenye dirisha la Wangechi pale palipokuwa na mbingu. Hapo nikajua maana ya kulala.

"Usisimame," dada akaniambia akiwa amekaza meno. "Ukisimama tunaanguka."

Gitau alikuwa ameona. Alikuja mbio kutoka majini, akarukia upande wangu, upande wa juu, akashika reli ya nyuma ya kabini na kuning'inia nje kwa uzito wake wote, miguu kwenye ukingo wa sehemu ya mizigo. Gurudumu la juu, lililokuwa likigusa tu, likashika ardhi. Tukapanda hivyo, yeye ananing'inia na mimi nalia, hadi tukafika sawa.

Kufika Nyeri hakukuwezekana tena, na Wangechi hakuhitaji kuniambia. Nilielekea hospitali ya Nanyuki. Kila mara dada alikuwa anashika ubao, kisha anauachia. Kona nilizozikata siku iliyotangulia kwa gia ya pili, sijui nilizikata kwa gia gani.

Mbele ya mlango wa hospitali Gitau aliruka kabla gari halijasimama, akakimbia ndani kuita wauguzi. Nikamfungulia Wangechi mlango. Alitazama chini. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na sanduku, na maumivu yalikuwa yamemshika.

"Kariuki, siwezi kungoja."

Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikaweka mikono chini, nikainamisha mgongo. "Kanyaga," nikamwambia. Aliweka mguu mmoja, ule uliovimba, kisha wa pili. Ameshika mlango, uzito wake wote na wa mtoto uko juu yangu, nikasikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Akashuka. Mwuguzi alipotoka na kiti cha magurudumu, alimkuta dada amesimama wima na mimi bado niko chini kwa mikono na magoti.

Tulingoja kwenye benchi, Gitau na mimi, nguo zake zikidondosha maji ya mto sakafuni. Hakumaliza sentensi hata moja. Kisha tukasikia sauti, nyembamba, ya hasira. Gitau alinishika mkono akaubana hadi nikaumia. "Analia," akasema. Hiyo aliimaliza.

Alikuwa mvulana.

Niliwaacha Nanyuki, nikarudi Nyeri peke yangu kumwambia Mama. Nilimkuta anapepeta maharagwe, nikamwambia mambo yote, mto na ukingo na tuta la ng'ombe. Alisikiliza bila kuinua macho. Niliposema jina la mtoto, Ndirangu, alifunika uso kwa leso. Kisha akaenda nyuma ya ghala, akamwondoa kuku, akatoa mayai, akaliosha sanduku kwa maji ya moto.

Siku chache baadaye tuliwafuata. Gurudumu la akiba nililifunga kwa kamba nyuma, na sanduku likarudi mahali pake. Fundi Saidi atatoa bamba mojamoja kila springi, nimeshamwambia, na amenuna. Nililojifunza ni dogo: Baba aliijenga pikapu yake kwa ajili ya waliopanda, mimi nikaijenga kwa ajili ya jiwe.

Pale Nanyuki Wangechi alimkabidhi Mama mtoto, amefungwa shali. Kwetu mjukuu akipewa jina la babu, bibi humwita mume wake, na tunazoea kucheka. Nilikuwa nimesimama nimeshika mlango wazi, nikiwaza barabara, nati na kona za Naro Moru. Mama alisimama mbele ya pikapu, mtoto kifuani, akanitazama.

"Kariuki," akasema, "weka sanduku. Mume wangu anataka kwenda nyumbani."

Nikaliweka chini, nikalikanyaga kwanza mimi kuona kama limetulia, kisha akapanda naye.